Pikada ya Mama Mkubwa

Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini mbele yetu, Palma nzima, mji wetu wa kaskazini mwa Msumbiji, ilizungumzia kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekiona. Samaki tuliwaona, korosho tuliziona, hata sukari tuliiona ikipanda bei. Gesi hatukuiona. Tulichoona ni kofia ngumu za plastiki, magari meupe yenye vibendera nyuma, na wageni waliokuwa wakinywa maji ya chupa huku wamesimama, kana kwamba kukaa kunalipiwa. Habari zilinikuta Nacala, nimechoka kupakua saruji. Kabla ya hapo nilishakaa Mtwara, Nampula, Pemba, na kisiwani Rongui kwa wavuvi walionivumilia msimu mmoja. Sijawahi kuhitaji sababu kubwa ya kuhama. Nikafunga begi nikarudi nyumbani.

Kazi niliyoipata haikuwa ya baharini. Kulikuwa na kampuni iliyokuwa ikipima ardhi upande wa bara, kutoka karibu na ghuba ya Tungue kuelekea Nhica do Rovuma, nayo ilitaka watu wa kufungua njia porini. Njia za namna hiyo huku kwetu zinaitwa pikada, jina tulilorithi kwa Wareno. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma sekondari na Kireno hakinikwami, hawakunipa panga. Walinipa mashine. Ndipo nilipoijua motosera, msumeno wa petroli wenye mnyororo, na mashine ya kufyekea inayoning'inizwa begani kwa mkanda, ambayo fundi wetu aliiita rosadora, na sisi tukaiita hivyohivyo.

Niseme ukweli, nilizipenda mashine zile kama watu wengine wanavyopenda ngoma. Unavuta kamba mara ya kwanza, inakohoa. Unavuta tena, inanguruma, na mikono yote miwili inatetemeka hadi kwenye meno. Kichaka ambacho watu kadhaa wangekifyeka tangu asubuhi hadi adhuhuri kinalala kabla jasho halijakutoka vizuri. Na kilichonifurahisha zaidi ni unyoofu. Mpimaji alisimama nyuma yetu na kidude chake cha setilaiti, akanyoosha mkono, na mkono ulipoelekea ndipo tulipokata. Mstari haukukwepa kitu isipokuwa makaburi. Nikisimama mwisho wa pikada na kugeuka nyuma, niliona miti ya pande mbili ikikaribiana mbali kule hadi njia ikawa nyembamba kama uzi. Sikuwa nimewahi kutengeneza kitu kilichonyooka namna ile maishani mwangu.

Kampuni ilipomaliza kupima iliondoka na kuuza vitu vyake vichakavu. Mimi nikachukua motosera moja ambayo mpini wake ulikuwa umefungwa kwa mpira wa tairi, rosadora moja, na bunda la utepe wa plastiki, mwekundu na mweupe, ambao tulikuwa tunaufunga kwenye vijiti ili mstari usipotee. Utepe huo nilipewa bure. Hakuna aliyeutaka.

Nilikuwa nalala nyumbani kwa binti wa mama mkubwa. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ndiye aliyenilea, na wakati huo naye alikuwa akiishi pale kwa binti yake mjini Palma, wala si kwa kupenda. Alikuwa ameteleza kisimani, na tangu siku hiyo goti lake la kulia likakataa kukunjika. Shamba lake la mikorosho lilikuwa mbali, ndani kabisa ukiiacha barabara ya Nhica, na njia yake ya miguu ilikuwa imezibwa na vichaka. Misimu ya korosho ilipita yeye akiwa amekaa barazani, mguu mmoja umenyooshwa mbele kama mwiko.

Alinikuta uani nikiinoa motosera kwa tupa.

"Hiyo inakata nini?"

"Inakata chochote, mama."

"Muongo. Inakata njia ya shambani kwangu?"

Binti yake aliyekuwa anachambua mchele aliinua uso. "Mama, tumeshazungumza. Shamba limekuwa pori. Nguruwe wamehamia. Msimu huu tumpe mtu mwingine aliangalie, basi."

"Nguruwe wamefika huko kwa miguu yao," mama mkubwa akasema. "Kwa hiyo kunafikika."

Kisha akanigeukia. Alisema anataka awe kwenye kibanda chake siku korosho zitakapoanza kudondoka, na msimu huu asipofika atajua kwamba hatafika tena. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi. Mikorosho ilikuwa imeshatoa maua. Nami nikajua kwamba sitahama kwenda popote hadi nimfikishe.

Tatizo lilikuwa namna ya kumpeleka. Pikipiki haikuwezekana, mguu usiokunjika hauna pa kukaa kwenye pikipiki. Nilipendekeza tupate vijana wambebe kwa kitanda.

"Kitandani anabebwa mgonjwa," akasema. "Mimi sina ugonjwa, nina mguu. Watu wakiniona napita mabegani mwa watu, wataanza kunisomea Yasini."

Basi nikamwendea rafiki yangu, Mmakonde kutoka Mueda, Mkristo, mtu mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi. Alishuka kutoka mlimani akitafuta kazi ya gesi, hakuipata, na badala ya kurudi akavuka kwenda Mtwara akarudi na pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili ambalo dereva wake hulishika kwa mikono kama anayemshika ng'ombe pembe. Aliivusha Ruvuma juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na hadithi ya kuvuka huko alikuwa nayo ndefu kuliko mto wenyewe. Nyuma ya pawatila alifunga tela la mbao, akawa anabeba maji, mchanga na matofali mji mzima.

"Mpwani," akaniambia nilipomweleza, "wewe na kazi mmefahamiana lini?"

"Tangu nilipokuona wewe unaivuta pawatila kwa kamba badala ya yenyewe kukuvuta wewe."

Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akachukua fito, akailaza juu ya tela kutoka ukingo hadi ukingo, akaongeza upana wa kiganja kila upande, akaikata. "Hii ndiyo mama yako," akasema. "Hii isipopita, mama hapiti."

Tukaanza kazi na ile fito. Nilitangulia na rosadora nikilaza nyasi na vichaka vyembamba, yeye akinifuata na panga akivuta matawi kando. Kisha nilirudi na motosera kwa mashina. Kwa mtu wa miguu, kisiki si kitu, unakiruka. Kwa tela ni ukuta. Ilitubidi tufukue mchanga kuzunguka kila kisiki, tukisugue kwa ufagio wa majani, kisha nikate chini ya usawa wa ardhi na kufukia. Mchanga ndio unaoua mnyororo wa motosera. Unaugusa mara moja tu, na meno yote yanakuwa butu, mashine inatoa moshi na unga mweusi badala ya vipande vyeupe. Nilikaa juu ya magogo mara nyingi nikipiga tupa jino kwa jino huku rafiki yangu akinisimulia upya jinsi alivyovuka Ruvuma.

Halafu tukakutana na upupu. Ulikuwa umekauka juu ya kichaka, maganda yake yana manyoya ya rangi ya dhahabu, mazuri ukiyaona kwa mbali. Kwa panga ungekata shina lake chini na kuuacha. Mimi nilikuwa na mashine, na mtu mwenye mashine haangalii juu. Rosadora iliuchukua upupu ule ikaurusha hewani, nao ukatuangukia kama unga. Kwa muda mfupi tulitazamana tu. Kisha Mmakonde akatupa panga, akatupa shati, akaanza kugaagaa mchangani akimwita Bwana Yesu na mama yake kwa zamu.

"Maji!" akapiga kelele.

"Usijimwagie maji! Yataueneza! Majivu!"

"Majivu niyatoe wapi, Mpwani? Nijichome?"

Tulikimbilia kiunga cha jirani kuomba majivu jikoni, watu wawili wazima, vifua wazi, tukirukaruka. Wanawake waliokuwa pale walituelewa kabla hatujafungua mdomo. Walitupaka majivu hadi tukawa kama mizimu, wakicheka, na kwa siku zilizofuata kila tuliyekutana naye alituuliza kama bado tunacheza.

Baada ya hapo kazi ilienda kasi. Njia ya zamani ya miguu ilikuwa ikizunguka, inaingia kwenye uwanja wa huyu, inatoka, inaingia kwa yule, kana kwamba ilikatwa na mtu aliyekuwa akitafuta kuku wake. Mimi sikuiona kuwa na maana. Nilikwenda kwa shefe, mkuu wa kijiji, nikaomba nipite nyuma ya nyumba, kwenye mapori yaliyolala, moja kwa moja hadi shambani. Alisema njia ni njia. Nikachomeka vijiti, nikafunga utepe wangu mwekundu na mweupe, nikafumba jicho moja kama mpimaji, na tukakata. Ilitoka nzuri. Mmakonde alisimama mwanzoni, mimi nikasimama tulipofikia, tukaonana wazi, na akanipungia mkono kutoka mbali kule, mdogo kama njiti ya kiberiti. Nilijisikia mtu mkubwa.

Plagi ya motosera ikafa. Palma nzima haikuwa na plagi ya aina ile, ikabidi tumsubiri mtu anayekuja kutoka Mtwara. Tulikaa mjini siku chache. Mama mkubwa aliniuliza kila asubuhi, nami nikamjibu kila asubuhi kwamba ni bado kidogo tu.

Tuliporudi na plagi mpya, sikuitambua pikada yangu. Nilidhani tumepotea. Katikati ya njia palikuwa na mihogo, vijiti vyake vimechomekwa kwa mistari, vingine vikiwa bado na utomvu. Mbele yake migomba, majani yake yamenyauka kwa kuhamishwa juani. Mbele zaidi miche ya minazi, kila mmoja na shimo lake lililomwagiliwa. Na mbele ya minazi palisimama nyumba. Ilikuwa na mlango, mlango wa kweli wenye bawaba na kufuli, na haikuwa na ukuta hata mmoja. Mwanamume mmoja alikuwa amekaa ndani yake juu ya mkeka. Tuliweza kumwona vizuri kutoka pande zote nne.

Bibi mmoja alikuwa ameinama akimwagilia minazi kwa kopo. Nilimjua. Alichezwa unyago pamoja na mama mkubwa, na kwa umri wao wote hawakuwahi kukutana bila kutukanana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wazungu wako nyuma?"

"Wazungu gani?"

"Wa bomba."

"Hakuna bomba, bibi. Hii ni njia ya mama mkubwa, ya kwenda shambani kwake."

Akanitazama kwa huruma. "Ndivyo wanavyowafundisha kusema?"

"Wallahi, bibi."

"Na huu utepe ni wa nani?"

"Ulikuwa wa kampuni, lakini..."

"Haya," akasema, na akamwagia mnazi maji yaliyobaki.

Yule wa kwenye nyumba alifungua kufuli, akafungua mlango, akatoka kwa kupitia mlangoni ingawa angeweza kutokea popote. "Ndugu yangu," akaniambia kwa upole, "wewe ulikuwa kampuni, tulikuona na kofia. Mashine ni za kampuni. Utepe wa kampuni. Na njia yenyewe imenyooka. Nani kati yetu amewahi kukata njia iliyonyooka?"

Wakati ule habari zilikuwa zimeenea kwamba mahali gesi itakapopita, mwenye mti au nyumba atalipwa, na kila mtu alikuwa na binamu wa binamu aliyelipwa mahali fulani. Kadiri nilivyokana, ndivyo walivyoamini, kwa sababu watu wa kampuni nao, walisema, hukana hivyohivyo. Mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kama nyumba yake ya pili aijenge mkono wa kulia au wa kushoto.

Mmakonde alishika usukani wa pawatila akasema tela halijui nani kapanda nini. Lakini hakuiwasha. Huko kwao mlimani ni kama kwetu: ardhi inaweza kuwa ya ukoo, ya jirani, hata ya serikali, ila mti ni wa aliyeupanda. Utakuta shamba la mtu lina mwembe mmoja katikati ambao si wake, na mwenye mwembe atakuja kuokota maembe yake bila kubisha hodi, na baada yake wajukuu zake. Mche uliopandwa jana una haki ileile. Kuung'oa bila mwenyewe si uharibifu tu, ni ugomvi wa vizazi. Tulikuwa na motosera yenye plagi mpya na pikada iliyojaa miti isiyofika magotini, na hatukuweza kuikata hata mmoja.

Jioni nilimweleza mama mkubwa. Binti yake alisema, "Nilisema mimi," akaingia ndani. Mtu mmoja aliyetoka upande wa shamba alikuwa amepita mchana akasema mabibo kule yameanza kuiva, mekundu na manjano. Nilitegemea mama mkubwa angekasirika. Alisikiliza hadi mwisho, hadi kwenye nyumba yenye mlango na kufuli, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka hadi machozi, akajifuta kwa ncha ya kanga, akacheka tena.

"Kesho nipelekeni," akasema.

"Wapi, mama? Njia imefungwa."

"Hapohapo ilipofungwa."

Asubuhi tulitandika nyasi kwenye tela, juu yake mkeka na mto. Alikaa akiangalia nyuma, mguu umenyooshwa, mwavuli mkononi, birika na sufuria pembeni yake. Binti yake alisimama mlangoni amekunja mikono, kisha akatoka mbio akamwekea fuko la sukari na shuka la pili, akarudi ndani. Pawatila ilipoondoka tela likaruka, mama mkubwa akaruka nalo. "Taratibu, Mmakonde! Mimi si tofali!"

"Tofali halisemi, mama," akajibu. "Ndiyo maana nalipenda."

Sauti ya mashine ilitutangulia njiani. Tulipofika kwenye mihogo ya kwanza, kijiji kizima kilikuwa kimesimama, wengine wamevaa vizuri, tayari kuhesabiwa. Mmakonde akazima. Yule bibi akatoka mbele na kopo lake.

"Kumbe bado uko hai," akasema.

"Nakusubiri utangulie," mama mkubwa akamjibu. "Nani atakayekucheka nikifa kwanza mimi?"

"Na hiki kigari ni cha nani?"

"Cha kampuni."

Watu wakanong'onezana. Bibi akapiga makofi. "Nilijua! Nilijua mimi!"

"Kampuni ni mimi," mama mkubwa akasema, akainua mwavuli. "Na huyu hapa ndiye mkurugenzi." Akaupiga mguu wake. "Hakunjiki wala hasikilizi mtu. Anataka kwenda kula mabibo."

Kicheko kilianza kwa wanawake, kikaenda kwa wanaume, na yule wa nyumba yenye mlango alicheka hadi akaegemea mlango wake, ukafunguka, akaangukia ndani. Bibi peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama pikada, mwanzo wake na ilikopotelea.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema. "Ni njia yako wewe."

"Ni yangu. Mwanangu ameikata."

"Mbona haipiti kwangu?"

Mama mkubwa akashusha mwavuli.

"Nyumba yangu ile pale. Njia inapita nyuma, kwenye vichaka. Ungepita bila kunisalimu? Kama mwizi wa kuku?"

Mama mkubwa akageuka taratibu, kwa kadiri mguu ulivyomruhusu, akanitafuta kwa macho. "Umeipitisha wapi hii njia?"

"Nyuma, mama. Ni fupi."

"Fupi ya nini?"

Nikaeleza kuhusu mstari, na setilaiti, na jinsi ninavyoweza kumwona mtu aliye mwisho mwingine. Nilieleza vizuri. Kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyosikia maneno yangu yakiwa ya kijinga zaidi.

"Sikukuomba unipitishe kama maji ya mvua," akasema. "Watu hawa sijawaona tangu nianguke. Nikipita nyuma yao, nikifika huko nitakuwa nimefika wapi?" Kisha akawageukia wenzake. "Mlichopanda mmepanda, hakuna atakayekigusa. Njia ipinde. Ila ipinde leo, maana mabibo yangu hayasubiri gesi."

Sijui nani alikwenda kuchukua panga kwanza. Nadhani ni yule wa nyumba yenye mlango, kwa aibu. Baada ya muda mfupi kulikuwa na mapanga, majembe, mashoka, na kelele za watu wote wakitoa amri kwa wakati mmoja. Bibi alipanda kwenye tela bila kuombwa, akamsukuma mama mkubwa asogee, akawa ndiye anayeongoza. "Pinda hapa. Sasa kule. Wewe na msumeno wako, toa hicho kichaka, huo mti uache ni wa marehemu shemeji." Nilivuta kamba ya motosera, ikanguruma, na watu wakapiga vigelegele kama bibi harusi ametoka. Sikuwahi kukata kwa furaha namna ile nilipokuwa na kofia ya kampuni kichwani. Nilikata, wao wakavuta, nilikata, wao wakafukia, mtu mwingine alishachukua fito ya Mmakonde na kuipitisha kila mahali akiimba, "Mama anapita! Mama hapiti!"

Njia ilitoka kwenye mihogo ikaingia uwanjani kwa bibi, ikazunguka jiko lake, ikatoka, ikaingia kwa jirani. Kila uwanja tela lilisimama. Kila uwanja kulikuwa na salamu za kuulizia wazima na wafu, na kitu cha kutia mdomoni: muhogo wa kuchoma, mbaazi za nazi, maji ya kata. Mmakonde aliniinamia sikioni.

"Mpwani, hii si njia. Huu ni utumbo."

"Endesha."

Nyuma yetu pikada yangu ya zamani ilibaki na minazi yake. Hakuna aliyeing'oa. Mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anaelewa kabisa kuwa ni ya mama mkubwa, lakini kampuni ikija kweli, si mbaya.

Karibu na shamba tulikwama tena. Tawi nene la mkorosho lilikuwa limelala kukatiza njia, na mkorosho ulikuwa wa mtu aliyehamia Mtwara. Hakukuwa na namna ya kuuzunguka, pande zote mbili ni bonde. Nilikuwa nimeshainua motosera, mama mkubwa akasema, "Mwulizeni." Mtu alikuwa na namba yake. Mtandao haukuwapo mpaka Mmakonde aliposimama juu ya tela katikati ya vikongwe wawili, mkono umenyooshwa angani, akipiga kelele kwenye spika. Mwenye mkorosho aliuliza ni nani anayetaka kupita. Alipotajiwa, akacheka, akasema kateni, kuni awe nazo mama, na mwambieni mimi ndiye niliyekuwa nikimwibia mabibo zamani.

"Nilikuwa najua!" mama mkubwa akapiga kelele kuelekea angani. "Nilikuwa nakuona!"

Sasa ninapoandika haya naishi ng'ambo ya Ruvuma, na wengi wa watu wale wametawanyika kwa mambo ambayo si ya kusimulia hapa. Nikikutana na mmoja wao sokoni hatuanzi na hayo. Tunaanza na mlango wenye kufuli, au na Mmakonde amesimama juu ya tela akiomba ruhusa ya tawi mbinguni.

Tulifika jua likiwa limelegea. Kibanda kilikuwa kimeinama upande mmoja lakini paa lilikuwa limeshika. Nguruwe walikuwa wamefukua kila mahali kama wachimba kisima. Mikorosho ilikuwa imesimama palepale, matawi yake yamegusa chini, mabibo mekundu na ya manjano yamening'inia na korosho zao chini yake, na harufu ile tamu, kali kidogo, ilitupiga usoni kabla hatujasimama.

Tulimshusha mimi na Mmakonde, kila mmoja bega moja. Nilitaka kumpeleka kibandani akae kivulini. Akakataa. Alijiachia chini ya mkorosho wa kwanza, mguu umenyooka mbele juu ya majani makavu, akaanza kuokota korosho zilizodondoka karibu na mkono wake. Zilipokwisha, akajisogeza kwa makalio hadi kwenye nyingine. Bibi alishuka peke yake, akaja akakaa upande wa pili wa shina.

"Huko usiguse," mama mkubwa akamwambia bila kuinua uso. "Huko nitafika."

"Utafika mwakani kwa mwendo huo."

"Mwakani basi. Usiguse."

Mmakonde alikuwa ameacha pawatila ikiunguruma, akitaka tugeuke kabla ya giza. Nikamwuliza mama mkubwa kama tumfuate kesho au keshokutwa. Alikuwa ameinua kichwa, mkono mmoja hewani.

"Mwambie azime hiyo mashine."

Mmakonde akazima. Watu waliokuwa wametufuata nao wakanyamaza, hata bibi. Tulikaa hivyo kwa muda, hakuna upepo, na nilikuwa nataka kuuliza tunasubiri nini. Kisha upande wa ndani wa shamba, mahali ambapo hatukuweza kuona, kitu kidogo kilipita kwenye majani na kugonga chini, pu.

Mama mkubwa akashusha mkono. "Bado zinadondoka," akasema, na akatandaza kanga yake mchangani. "Mnirudie zikikwisha."